Sindano Niliyoificha

Nilijichoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto siku ya Jumatatu, saa tano kasorobo asubuhi, mvua za kwanza za Novemba zikiwa zimeanza kunyesha huku Mpimbwe. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama ukutani mara tu baada ya kuchomwa, kama vile ingeweza kunisaidia. Nayaandika haya kwa kuwa sasa nimepona, na kwa kuwa najua kuna mwenzangu mahali fulani ambaye leo amejichoma na anafikiria kunyamaza. Majina yote nimeyabadilisha, na mzee nitakayemtaja amenipa ruhusa kwa mdomo wake.

Mimi ni muuguzi msaidizi. Napima presha na joto, napima uzito wa watoto, nachoma sindano, natoa damu, nafunga vidonda. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa katika zahanati moja isiyo mbali na Kasansa. Wanafunzi wa uuguzi waliokuja kwetu kwa mazoezi, mimi ndiye niliyewakabidhi trei na kuwaambia jambo la kwanza: sindano ikishatumika usiirudishie kifuniko, itupe moja kwa moja kwenye boksi lake. Nililisema hilo mara nyingi mpaka nilikuwa nalisema huku nawaza mambo mengine.

Siku ile tulikuwa wawili zamu, na foleni ilifika mlangoni. Waliletwa na pikipiki baba mmoja mfugaji wa Kisukuma, nitamwita Mzee Shija, na mwanawe mkubwa. Mzee alikuwa na homa kali na alikuwa akitapika tangu jana yake. Nikamwekea kanula mkononi ili apate dripu. Sindano ilipotoka na damu yake, nikageuka kwenye boksi la kutupia. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Boksi jipya lilikuwa stoo, hatua labda ishirini. Sikwenda. Nikaiweka sindano kwenye trei, nikabandika plasta, kisha nikachukua kifuniko ili niifunike. Ikapita pembeni ya kifuniko, ikaingia kidoleni.

Nilikwenda kwenye bomba, nikakikamua kidole ingawa tulifundishwa kutokamua, nikaosha kwa sabuni. Nikavaa glovu mpya na kumwita mgonjwa aliyefuata.

Mzee Shija alimaliza dripu zake alasiri. Akasema kichwa kimepungua. Mwanawe akaniambia wanaondoka kesho na ng'ombe kufuata malisho. Nikamwandikia vidonge, nikamtoa kanula, nikamwangalia akipandishwa kwenye pikipiki. Ningeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wiki iliyotangulia mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati, Mama Kalunde, alikuwa ametukalisha wote kikao kuhusu sindano hizo hizo, na mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kuliko wengine. Nikaona aibu. Pikipiki ikaondoka.

Nilimwambia Mama Kalunde kesho yake asubuhi, kabla hajavua hata koti la mvua.

Akaniuliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

"Ameondoka jana, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

Akakaa kwenye kiti. "Ulijichoma saa tano, akaondoka saa kumi. Kwa saa tano nzima alikuwa amelala pale kitandani. Kipimo kinachukua dakika ngapi?"

"Robo saa."

"Robo saa," akarudia, wala hakupandisha sauti. Akafungua daftari la ajali kazini, akaandika mwenyewe, akaniambia nipande gari niende hospitali Mpanda siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kinga ya virusi vya ukimwi zina muda wake na mimi nimeshapoteza siku.

Hospitalini nilipimwa, sikuwa na maambukizi. Daktari, kijana mtaratibu, akanielekeza vidonge vya siku ishirini na nane, na vipimo vya baada ya wiki sita, miezi mitatu na miezi sita. Kisha akauliza, "Chanjo ya homa ya ini ulimaliza dozi zote tatu?"

Nilikuwa nimechanjwa moja. Ya pili ilinikuta nimesafiri, ya tatu sikuikumbuka kabisa. Lakini kwenye orodha ya zahanati nilishajaza kwamba nimemaliza.

"Nimemaliza," nikasema.

Akaandika. Angejua ukweli angenichanja palepale. Nimelifikiria jambo hilo kuliko jambo lolote maishani mwangu.

Vidonge vile vilinichafua tumbo. Chai ikiingia ilitaka kutoka. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuweza kutulia. Nilifagia uwanja ambao mke wangu ameshafagia. Nilikwenda shambani, nikafika nusu ya njia, nikarudi kutazama kama kopo la vidonge bado liko nilikolificha. Mtu akiniongelesha nilimsikia mwanzo wa sentensi tu. Kazini nilijaza joto la mtoto kwenye mstari wa presha, Mama Kalunde akanitoa chumba cha sindano, akaniweka kwenye mizani.

Mke wangu, Yusta, alikuwa na mimba ya miezi minne. Binti yetu Neema ana miaka sita. Daktari aliniagiza nimwambie mama wa nyumba na tutumie kinga mpaka vipimo viishe. Sikumwambia. Nilisema mgongo unauma, nikatandika mkeka chini. Nilijiambia namlinda asipate presha katika hali ile. Ukweli ni kwamba nilishaficha kwa mfawidhi na kwa daktari, na kuficha kulikuwa kumekuwa rahisi.

Wiki ya tatu alilipata kopo ndani ya buti langu la mvua, wakati anataka kulivaa kwenda bustanini. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekaa mlangoni, kopo liko kwenye mapaja.

"Baba Neema, hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Nazijua. Shangazi yangu alikuwa anazinywa. Tangu lini?"

Nikaanza kueleza: mzee, kanula, boksi lililojaa. Nilieleza haraka na kwa mparaganyo, nikaruka mambo, nikarudi nyuma, hata mimi niliona nasikika kama mtu anayetunga.

"Wiki tatu," akasema. "Unalala chini kwa ajili ya mgongo, kumbe ni hivi."

"Nenda kamuulize Mama Kalunde. Imeandikwa kwenye daftari."

"Daftari mnaandika wenyewe."

Hakulia wala hakugomba. Aliweka nguo zake na za Neema kwenye begi, na gari la asubuhi likamchukua kwenda kwao Sitalike. Mama yangu, anayekaa nyumba ya pili, aliniuliza nimemfanya nini mke wangu. Nikasema amekwenda kusalimia. Hapo nikawa nimeficha kwa watu wanne.

Krismasi nilikula peke yangu. Vidonge viliisha. Mwanzoni mwa Januari nikapanda tena Mpanda kwa kipimo cha wiki sita. Gari lilipofika Sitalike lilisimama kupakia watu, nami nikashuka, nikazunguka, nikatazama njia inayokwenda kwa wakwe, nikapanda tena. Kule kwenye benchi la kungojea majibu nilisimama na kukaa mara nyingi mpaka mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na mjukuu wake, akanishika mkono. "Kaa hapa katikati yetu," akasema. "Ukikaa pembeni utakimbia." Nikakaa katikati yao. Sikumjua na hakuniuliza naumwa nini. Majibu yalikuja mazuri. Nikadhani nimevuka.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Februari, majaruba yamejaa maji na kila mtu yuko kwenye mpunga, nilipoanza kuchoka. Nilikuwa nachoka kwa kuvaa viatu. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilinifanya nitoke nje. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Nilijua. Miaka tisa ya kazi, ningekosaje kujua? Lakini nilipita siku tatu bila kutazama kioo. Siku ya nne Mama Kalunde alinisimamisha mlangoni penye mwanga, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba.

"Chanjo yako ulimaliza kweli?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Yeye pia alitikisa kichwa chake, akaenda kunitafutia gari.

Safari hii nilifikia kwa dada yangu Restituta, mtaa wa Nsemulwa, mjini Mpanda. Alinisindikiza hospitali, akakaa nami mbele ya daktari yule yule. Daktari alitazama macho yangu, akatazama karatasi ya Novemba.

"Hapa uliniambia dozi tatu."

"Nilichanjwa moja, daktari."

Alichukua karatasi nyingine. "Basi tuanze upya," akasema, "na safari hii uniambie vyote."

Ilikuwa homa ya ini. Akasema mara nyingi kwa mtu mzima mwili unaifukuza wenyewe, lakini si kila mara, na hakuna wa kuniambia mapema mimi ni yupi. Nipumzike, nile kidogo kidogo, nisiguse pombe wala dawa yoyote asiyoijua yeye, nirudi kila wiki mbili kupimwa damu.

Kuanzia hapo nilihesabu siku kwa damu. Damu ya kwanza nilikuwa wa manjano mpaka kwenye viganja. Damu ya pili nilianza kuwashwa mwili mzima, Restituta akanikata kucha kama mtoto nisijichane. Damu ya tatu suruali ilishikiliwa na kamba, na haja kubwa ilikuwa na rangi ya majivu. Kwa mtu asiyeweza kutulia, kuambiwa apumzike ni kazi ngumu sana. Nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, miguu ikitetemeka, nikarudi, nikaanza tena. Restituta akaniwekea kiti mlangoni. "Kama lazima uende huko," akasema, "basi ukifika kaa."

Kuna dada wa maabara nitamkumbuka siku zote. Kila niliporudi aliniambia nitaje majina yangu matatu, na alishanijua. Aliniambia anachotaka kufanya kabla hajafanya: sasa nafunga mpira, sasa nasafisha, sasa utasikia maumivu. Boksi la sindano alilisogeza karibu na mkono wake kabla hajanigusa. Nilikuwa nimeyafanya mambo hayo kwa wengine kama kawaida tu ya kazi, na mara nyingine nimeyaruka. Nikiwa nimekaa pale na mkono wangu mwembamba ndipo nilipojua yana maana gani kwa anayechomwa. Nilitulia kwa dakika zile tano, halafu nikaanza tena kuhangaika.

Mama yangu alikuja kutoka kijijini na chupa ya mizizi iliyochemshwa. Alisema macho ya namna ile yanajulikana, na dawa yake inajulikana. Nikamwambia, "Mama, ini langu limechoka, halitaki kubebeshwa kitu kingine." Akaniuliza kama shule imenifundisha kumkataa mama. Siku mbili hakuniongelesha. Siku ya tatu alinisongea ugali mwepesi, akauweka mbele yangu, akasema, "Huu hata daktari wako anakula." Nilikula wote, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Restituta alimpigia Yusta simu bila kuniambia. Alifika mchana mmoja wa mwisho wa Februari, tumbo limekuwa kubwa, Neema mkononi. Alisimama akinitazama kwa muda. Neema alijificha nyuma yake, hakunitambua.

"Nimekuja kwa sababu unaumwa," Yusta akasema. "Sijasema nimeamini."

Alikwenda nami kwenye damu iliyofuata. Wakanipima pia kile kipimo cha miezi mitatu cha virusi vya ukimwi, na nikaomba daktari amweleze yeye majibu moja kwa moja. Hayakuwa na kitu. Yusta aliuliza maswali yake mwenyewe, ya mtu aliyeyafikiria kwa muda mrefu: je, anayekunywa zile dawa kwa sababu ya ugonjwa, kipimo kinaweza kuonyesha hivi? Daktari akasema kwa mtu aliyeugua kweli kipimo kile kingeonyesha, na akamfungulia karatasi ya Novemba yenye maelezo ya ajali. Kisha Yusta naye akapimwa, virusi vya ukimwi na homa ya ini. Alikuwa mzima, na mtoto tumboni hakuwa na hatari kutoka kwake.

Tulipotoka tulikaa chini ya paa la nje, mvua inanyesha. Nikamwambia kitu ambacho daktari aliniambia faraghani: kwamba katika zile wiki ambazo nilikuwa tayari nabeba homa ya ini bila kujua, baada ya vidonge kuisha na kipimo kutoka kizuri, labda ningerudi kitandani kwetu nikijiona mzima, nikamwambukiza.

"Kwa hiyo kama nisingeondoka," akasema.

"Ndiyo."

Akatazama mvua. "Nilikuwa na hasira sana," akasema. "Sikujua hasira inaweza kumkinga mtu." Akachanjwa siku ile ile, na Restituta pia.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa Aprili, wakati wa kukata mpunga. Nilikuwa bado nimekonda, lakini macho yalikuwa yamerudi meupe. Mei kipimo cha miezi sita cha virusi vya ukimwi kikawa kizuri, na suala hilo likafungwa. Nikarudi kazini, kwenye mizani, kwa ombi langu.

Kitu kimoja kiliendelea kunila. Kama homa ya ini niliipata kwenye sindano ile, basi Mzee Shija anayo na hajui. Mama Kalunde alisema tumtafute. Juni, njia zilipokauka, nilizunguka minada mitatu nikiulizia. Mnada wa tatu nilimkuta, amesimama katikati ya ng'ombe wake na fimbo begani. Alinitambua yeye kwanza.

"Wewe si yule wa dripu? Mbona umepungua hivyo?"

Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Safari hii nilieleza taratibu, sikuruka kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuambukiza?"

"Hapana mzee. Ni haraka yangu."

"Na nyie mlijua nina ugonjwa?"

"Hatukujua. Tungejua siku ile ile kama ningesema. Ulikuwa pale kitandani."

Uso wake ukabadilika. Akahesabu kwenye vidole, akitaja miezi kwa sauti ya chini. "Miezi saba," akasema. "Katika miezi saba nimeoza binti, na mke mdogo amejifungua." Akaniacha nimesimama, akarudi kwenye ng'ombe wake. Nilidhani imeishia hapo. Sikuwa na haki ya kumfuata. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki aliponiita.

"Wake wawili na watoto kumi na mmoja. Mnapima wote?"

"Wote."

"Na huyo aliyeolewa?"

"Na mume wake."

Walikuja Jumatano, kwenye tela la trekta. Mzee alikuwa na homa ya ini, na mke mkubwa, na kijana mmoja. Walipelekwa Mpanda na sasa wanafuatiliwa. Waliobaki walichanjwa, mpaka yule mchanga. Mzee hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Alipoondoka alinipa mkono, na alipoambiwa tarehe ya dozi ya pili aliomba iandikwe kwenye kadi ya kila mmoja, wala si kwenye kadi moja. Baadaye nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema, "Andika. Lakini andika na ile miezi saba."

Agosti nilikwenda Mpanda kwa damu ya mwisho. Yusta alikuja nami, mtoto mgongoni, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Majibu yalisema virusi vya homa ya ini havimo tena na mwili umejijengea kinga. Daktari alinipa mkono. Nilitegemea kwamba ile hali ya kutotulia ingekatika pale pale, kama taa inavyozimwa. Haikukatika. Tulitoka nje, nikatembea hadi getini, nikarudi, nikasimama mbele ya Yusta.

"Mama Neema, kuna jambo moja sijakuambia."

"Sema."

"Siku ya kwanza daktari aliniuliza kuhusu chanjo. Nikamdanganya kwamba nimemaliza. Angenichanja siku ile, huenda nisingeugua kabisa. Kulala kwangu kitandani, na hofu yote juu yako na mtoto, vingeepukika."

Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akafunga kanga upya kwa mbele.

"Najua," akasema. "Dada Restituta aliniambia Februari. Alikuwa amekaa pale ulipoulizwa."

"Umekaa nalo miezi sita?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa saruji, kando yake, na kwa muda mrefu sikutaka kusimama.